Sridevi kabla ya Bombay: yanayosemwa na yaliyokuwa

Aliyemjua Sridevi kupitia Nagina ya mwaka 1986, au Mr. India ya mwaka uliofuata, hana lawama akidhani kwamba mwigizaji huyo aliibukia Bombay, jiji la filamu za lugha ya Kihindi ambalo sasa huitwa Mumbai, katika miaka ya 1980, akiwa tayari ameiva. Watazamaji wengi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, waliokulia katika picha za Kihindi za kumbi za sinema na baadaye za kanda za video, walimpokea hivyo hivyo. Lakini miaka iliyomfunza kazi aliipitia zaidi Madras, jiji ambalo sasa huitwa Chennai, akiigiza kwa Kitamil na Kitelugu, na mara nyingine kwa Kimalayalam na Kikannada. Sinema ya India haijawahi kuwa ya lugha moja, na asiyelizingatia hilo hawezi kuuelewa mwanzo wa Sridevi.

"Alianza na Himmatwala, mwaka 1983"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Himmatwala, filamu ya Kihindi iliyompa umaarufu Bombay, ilipotoka, Sridevi alikuwa na umri wa miaka 19, na karibu miaka 14 kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kazi ya filamu. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 katika kijiji cha Meenampatti, karibu na mji wa Sivakasi, jimbo la Tamil Nadu. Baba yake alikuwa mwanasheria, si mtu wa sinema. Kabla hajatimiza miaka sita alionekana katika Thunaivan, filamu ya Kitamil ya mwaka 1969, akiigiza kama Murugan, mungu ambaye Wahindu wa Kitamil wana mapenzi naye ya pekee na ambaye katika visa vingi huonyeshwa akiwa mtoto wa kiume. Miaka miwili baadaye filamu ya Kimalayalam iitwayo Poompatta ilimpatia tuzo ya jimbo la Kerala kwa waigizaji watoto.

Wapo wanaoipunguza kauli hiyo wakasema kwamba Himmatwala ilikuwa angalau filamu yake ya kwanza kwa lugha ya Kihindi. Hilo nalo si kweli. Mwaka 1975 alikuwa katika Julie, akiwa mdogo wa mhusika mkuu, na mwaka 1979 alikuwa mwigizaji mkuu wa kike wa Solva Sawan, pamoja na Amol Palekar. Solva Sawan haikupata watazamaji. Kwa kuwa katika biashara ya filamu iliyoanguka haihesabiwi, ile iliyofaulu baada yake ndiyo ikapewa heshima ya kuwa mwanzo.

"Bombay ndiyo iliyomgundua"

Himmatwala yenyewe, ukiifunua kidogo, ni filamu ya kusini mwa India iliyovishwa lugha ya Kihindi. Hadithi yake ilitoka katika Ooruki Monagadu, filamu ya Kitelugu ya mwaka 1981 iliyochezwa na Krishna na Jaya Prada, na zote mbili ziliongozwa na mtu mmoja, K. Raghavendra Rao. Mwongozaji huyo hakumwokota Sridevi njiani, kwa sababu alikwisha kufanya naye kazi kwa Kitelugu tangu mwaka 1978, katika Padaharella Vayasu.

Na hiyo Padaharella Vayasu nayo ina asili yake. Bharathiraja alipotengeneza filamu yake ya kwanza, 16 Vayathinile, kwa Kitamil mwaka 1977, alimpa Sridevi nafasi ya Mayil, msichana wa kijijini. Mwaka uliofuata Raghavendra Rao akaitoa hadithi hiyo hiyo kwa Kitelugu, na mwaka 1979 Bharathiraja mwenyewe akaipeleka kwa watazamaji wa Kihindi kwa jina la Solva Sawan. Kwa hiyo msichana mmoja aliigiza nafasi moja kwa lugha tatu katika muda wa miaka mitatu. Mtu wa Bombay aliyedhani amemwona chipukizi mwaka 1983 alikuwa anamtazama fundi aliyekwisha kushona vazi lile lile mara tatu.

"Alisubiri akue ndipo akapewa nafasi za watu wazima"

Laiti ingekuwa hivyo. K. Balachander alipomchukua kwa Moondru Mudichu, iliyotoka Oktoba 1976, Sridevi alikuwa ametimiza miaka 13 tu. Katika filamu hiyo anapendwa na wanaume wawili, Kamal Haasan na Rajinikanth, na hatimaye anaolewa na baba wa yule aliyeigizwa na Rajinikanth, hivyo kwamba msichana wa miaka 13 anakuwa mama wa kambo wa mwanamume wa miaka 25. Balachander alikuwa mwongozaji makini na filamu ni nzuri, lakini sidhani kama leo mtu angeweza kuipendekeza orodha hiyo ya waigizaji bila kuulizwa maswali.

Upande wa Kitelugu jambo hili linaonekana wazi zaidi. Katika Badi Panthulu ya mwaka 1972, N. T. Rama Rao, steringi mashuhuri wa Kitelugu, alikuwa babu na Sridevi alikuwa mjukuu wake. Miaka saba baadaye, katika Vetagadu, wawili hao walikuwa wapenzi, wakiimba na kucheza pamoja. Rama Rao alizaliwa mwaka 1923, kwa hiyo alikuwa na miaka 56, naye Sridevi alikuwa hajatimiza 16. Watazamaji waliijaza kumbi bila kinyongo, kwa kuwa desturi ya wakati huo ilimruhusu steringi wa kiume azeeke huku mwenzake wa kike akibaki binti siku zote. Sifa ya "mtoto mwenye kipaji" ambayo watu humpa Sridevi inafunika sehemu kubwa ya habari hii, kwamba utoto wake ulikatizwa na kazi na kwamba hakuwahi kupata nafasi ya kusoma shule kama watoto wengine.

"Alibebwa na majina makubwa"

Kamal Haasan alikuwa na jina, kweli. Rajinikanth, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa Kitamil, hakuwa nalo bado. Sridevi mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba katika Moondru Mudichu yeye alilipwa rupia 5,000, Rajinikanth akapata 2,000, na Kamal Haasan 30,000.

"Alikuwa sura na kucheza ngoma tu"

Dhana hii ina chanzo kinachoeleweka, kwani filamu nyingi za Kihindi alizocheza na Jeetendra, steringi wa Himmatwala, baada ya 1983 zilimtaka abadilishe mavazi katika kila wimbo na kufanya machache zaidi ya hapo. Wanaomhukumu kwa hizo, hata hivyo, wanahukumu nusu ya pili ya kazi yake bila kuiona ya kwanza.

Mayil wa 16 Vayathinile anaota kuwa mwalimu, anamdharau kijana kilema anayemhudumia nyumbani, na anamwamini daktari wa mifugo aliyetoka mjini, ambaye anamdanganya na kumwacha. Pole pole anatambua nani aliyekuwa mtu na nani aliyekuwa nguo tu. Filamu inamalizika Mayil akiwa kituo cha reli, akimngojea yule kilema ambaye yuko gerezani kwa ajili yake. Mwigizaji wake alikuwa na umri wa miaka 14. Hakuna wimbo wa mavazi unaoweza kubeba mageuzi ya namna hiyo. Yanabebwa na macho, na kwa namna anavyoketi.

Kisha ipo Moondram Pirai ya mwaka 1982, ya Balu Mahendra, ambamo Sridevi ni mwanamke kijana aliyepoteza kumbukumbu kwa ajali na kurudi katika akili ya mtoto mdogo, naye Kamal Haasan ni mwalimu anayemtoa danguroni na kumlea. Kumwigiza mtoto ukiwa mtu mzima ni mtego, kwa sababu kidogo tu kikizidi, mtazamaji anacheka pasipostahili kucheka. Sridevi hakuuangukia. Kamal Haasan alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora kwa filamu hiyo. Mwongozaji huyo huyo aliirudia kwa Kihindi, na waigizaji hao wawili, kwa jina la Sadma. Sadma ilitoka mwaka 1983, mwaka ule ule wa Himmatwala. Bombay iliwekewa Sridevi wawili mezani na ikamchagua mmoja: Himmatwala ilivuma, Sadma ikapita bila mauzo makubwa, na ikachukua miaka mingi kupata heshima iliyo nayo sasa.

"Sauti tuliyoisikia ilikuwa yake"

Kuhusu nyimbo, wengi wanafahamu kwamba waimbaji hurekodi studio na waigizaji hufuatisha kwa midomo. Kisichofahamika sana ni kwamba hata maneno ya kawaida, katika filamu zake nyingi za Kihindi za miaka ya 1980, hakuyasema yeye. Nyumbani alikua na Kitamil cha baba na Kitelugu cha mama yake, aliyetoka Tirupati. Kihindi alikikuta kazini, tena akiwa mkubwa. Kwa sababu hiyo watayarishaji walimpa Naaz, aliyewahi kuwa mwigizaji mtoto mashuhuri huko Bombay, kazi ya kumwekea sauti, na katika Aakhree Raasta ya mwaka 1986 aliyemsemea ni mwigizaji mwenzake Rekha. Ilipofika Chandni, mwaka 1989, ndipo Sridevi alipoingiza sauti yake mwenyewe katika filamu ya Kihindi, na hata akaimba sehemu ya wimbo unaobeba jina la filamu hiyo. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu Thunaivan.