Fedha za Ufadhili wa Mtoto: Zinakopita, Zinachonunua na Nani Anazikagua

Sisi tunaokagua hesabu za ufadhili wa watoto katika shirika la Kikristo tunapokea malalamiko ya aina mbili, na siku hizi yanaongezeka. Mfadhili anaandika: nimelipa miaka mingi, mbona mtoto bado anaishi katika nyumba ile ile niliyoiona kwenye picha ya kwanza? Mzazi naye anakuja kituoni, mahali kanisa linapowahudumia watoto wa programu: mfadhili anatuma hela za mwanangu kila mwezi, kanisa linazila. Wote wawili wanaamini kwamba mahali fulani kuna pesa zilizoandikwa jina la mtoto.

Pesa hizo hazipo. Mchango wa kila mwezi hauwekwi kwenye akaunti ya mtoto wala haukabidhiwi kwa mzazi. Unaingia kwenye mfuko wa programu, na mfuko huo unapeleka kituoni fungu linalolingana na idadi ya watoto walioandikishwa. Fungu hilo ndilo linalonunua chakula cha siku za programu, vipimo vya afya, vifaa vya shule, masomo ya Biblia na ujira wa watumishi wanaokaa na watoto. Katika mashirika mengi, mfadhili akiacha kulipa mtoto haondolewi siku ile, kwa sababu mfuko unamshikilia mpaka apatikane mwingine. Jambo hilo lisingewezekana kama kila mtoto angetegemea bahasha yake peke yake.

Mashirika yenyewe hayafanani. World Vision, lililoanzishwa mwaka 1950, hutumia michango kwa miradi ya jamii nzima, kama maji, afya na kilimo, hivyo mtoto wa jirani asiye na mfadhili naye hunufaika. Compassion International, lililoanza mwaka 1952 kwa kuhudumia yatima wa vita vya Korea, hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali na kumfuata mtoto mmoja mmoja. Ukilinganisha hesabu za mashirika haya mawili bila kujua tofauti hiyo, utafikia hitimisho lisilo sahihi. Wasomi Wydick, Glewwe na Rutledge walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu Compassion uliohusisha zaidi ya watu 10,000 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliona kuwa ufadhili uliongeza muda wa kusoma kwa kati ya mwaka 1.03 na 1.46. Manufaa hayo yalitokana na huduma. Hakuna mtoto aliyekuwa akipewa pesa mkononi.

Jina la mtoto lina uzito wa kifedha mahali pamoja tu: kwenye zawadi. Mfadhili akituma kiasi cha ziada kwa ajili ya mtoto fulani, kiasi hicho hakiruhusiwi kuchanganywa na mfuko wa kituo. Katika utaratibu tunaousimamia, kituo hupokea taarifa yenye namba ya mtoto na kiasi. Mtumishi huketi na mtoto pamoja na mlezi, wakakubaliana kitakachonunuliwa. Manunuzi hufanywa kwa stakabadhi halali. Mlezi hutia sahihi kwenye fomu ya mapokezi iliyoandikwa kiasi chote kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa kituo. Picha hupigwa, barua ya shukrani huandikwa, na nakala zote hukaa kwenye faili la mtoto. Tukikuta stakabadhi pungufu kuliko kiasi kilichoingia, tunaandika hoja ya ukaguzi, yaani swali rasmi ambalo kituo lazima kilijibu. Hoja isipojibiwa kwa wakati, fedha za kituo husitishwa na huduma za lazima hulipwa moja kwa moja na ofisi ya shirika ya nchi. Kilichopotea hurejeshwa na kanisa kutoka kwenye mapato yake, kamwe si kutoka kwenye fungu la watoto. Sahihi ya kughushi hupelekwa polisi, na mkataba na kanisa unaweza kuvunjwa.

Mzazi, una haki ya kuoneshwa fomu hiyo ya mapokezi. Usitie sahihi kwenye karatasi isiyo na kiasi, hata akikuomba mchungaji unayemheshimu.

Kuhusu gharama za uendeshaji, naomba tuelewane. Kila mwaka tunaulizwa kwa nini si asilimia mia moja inayomfikia mtoto. Kutafsiri barua, kutembelea watoto majumbani, kumkagua mtumishi kabla hajaajiriwa na kuthibitisha kuwa mtoto yupo hai na anahudhuria, yote yana gharama. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilifuatilia mashirika kadhaa ya ufadhili na kukuta watoto waliokuwa wamefariki huku wafadhili wakiendelea kuchangia. Ufuatiliaji hafifu ndio unaoleta aibu kama ile. Anayedai tusitumie chochote kwenye usimamizi anadai, bila kujua, tuache kuwatazama watoto.

Hiyo haimaanishi shirika liaminiwe tu kwa kuwa linataja jina la Yesu. Nchini Marekani, shirika lililosamehewa kodi huwasilisha serikalini kila mwaka taarifa iitwayo Fomu 990, na humo matumizi hugawanywa katika safu tatu: programu, utawala na kuchangisha. Fomu hiyo ni ya umma. Asiyeitoa kwa anayeiomba anaweza kutozwa faini kwa kila siku anayochelewa. Asiyeiwasilisha miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wa kodi bila kusubiri uamuzi wa mtu. Makanisa hayalazimiki kuwasilisha, kwa hiyo shirika linalotambuliwa kama kanisa huenda usilikute humo, na hapo omba taarifa zilizokaguliwa. Kwa Uingereza na Wales, taarifa huwasilishwa kwa Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kuisha. India, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, ilipunguza sehemu ya fedha za nje inayoweza kutumika kwa utawala kutoka asilimia 50 hadi 20.

India hiyo hiyo ndiyo inayoonesha kwa nini hatukubali njia za mkato: fedha zisipopita njia inayokubalika kisheria, watoto hukosa huduma. Serikali ilipotaka kibali cha awali kabla ya fedha za Compassion kuingia, fedha zilikwama, na Machi 2017 shirika likafunga programu iliyokuwa na watoto zaidi ya 140,000. Wapo wafadhili wanaotuuliza kwa nini wasimtumie mzazi moja kwa moja kwa simu. Fedha hizo hazikaguliwi, hazina faili, na humweka mtoto kwenye mawasiliano ya siri na mtu mzima asiyemfahamu. Hatuziruhusu, na mfadhili anayeendelea baada ya kuonywa huondolewa.

Ukiwa na shaka, andika kwa ofisi ya nchi, si kwa kituo kinacholalamikiwa. Taja kituo, namba ya mtoto, mwezi na kiasi, na ambatisha nakala ya barua au stakabadhi uliyonayo. Jina lako si lazima. Usisambaze picha wala jina la mtoto mitandaoni, hata kama lalamiko lako ni la kweli.