Vita vya Pasifiki havikuamuliwa Midway peke yake

Wengi huamini kwamba Japani ilishindwa Pasifiki kwa mapigano machache makubwa, hasa lile la kisiwa cha Midway, Juni 1942, ilipopoteza meli nne za kubebea ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Pigo lilikuwa zito kweli, lakini vita viliendelea miaka mitatu zaidi.

Kilichoibana Japani koo ni kazi ya kila siku, isiyo na shangwe. Nchi hiyo ilitegemea mafuta, mpira na chakula kutoka ng'ambo, na vyote vilipita baharini. Nyambizi za Marekani zilivizia njia hizo kwa wiki nyingi mfululizo, mara nyingi bila kuona chochote ila maji. Mwanzoni hata topido zao, yaani makombora yanayopita chini ya maji, zilikuwa mbovu: zilipita chini mno au ziligonga meli zisilipuke. Kasoro hizo zilirekebishwa kabisa mwishoni mwa 1943. Hata hivyo, nyambizi ndizo zilizozamisha zaidi ya nusu ya tani zote za meli za biashara ambazo Japani ilipoteza, ingawa mabaharia wa nyambizi hizo walikuwa takriban asilimia 2 tu ya jeshi la majini la Marekani. Nyambizi 52 hazikurudi, na watu zaidi ya 3,500 walikufa nazo. Naona ni dhuluma kuwasahau.

Kuanzia Machi 1945, ndege za Marekani za kudondosha mabomu, B-29, nazo zilitega maelfu ya mabomu baharini, karibu na bandari za Japani. Meli nyingi zikabaki zimefungwa gatini.