Kuongoza saa tano usiku si kushinda: California inavyohesabu kura za maeneo bunge yake 52

Ujumbe ni ule ule, safari hii umepambwa kwa emoji za moto: "Jamaa alilala akiongoza, akaamka kashindwa. Halafu mtuambie Marekani hakuna wizi wa kura!" Jamaa mwenyewe huwa hatajwi. Mimi nitamtaja hapa chini, yeye na wenzake, maana hesabu zao ziko hadharani. Novemba 3, 2026 California inachagua upya wawakilishi wake wote 52 katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, tena juu ya ramani mpya iliyopitishwa na wapiga kura kwa Pendekezo la 50 Novemba 2025. Ujumbe huo utarudi, kwa hiyo afadhali nijibu mapema.

Kinachotuponza ni mazoea ya nyumbani. Kenya kura zinahesabiwa kituoni, mawakala wanasaini Fomu 35A ya mbunge, nakala inabandikwa mlangoni. Vituo vyote vikishaleta, kazi imekwisha, na anayeongeza kura baada ya hapo ana maswali ya kujibu. Kwa mfumo ule, kuwaza hivyo ni sawa kabisa. Ukiubeba ukaupeleka kaunti za California kama Fresno au Orange, umepotea.

California kila mpiga kura ambaye usajili wake unatumika anatumiwa karatasi ya kura kwa posta, na kaunti zinaanza kuzituma siku 29 kabla ya uchaguzi. Anairudisha kwa posta, kwenye sanduku rasmi la kura, au kituoni, hata katika kaunti isiyo yake. Ofisi ya uchaguzi inaruhusiwa kuzikagua na kuzipitisha kwenye mashine kabla ya siku yenyewe, ila haitoi namba hata moja mpaka vituo vifungwe saa mbili usiku. Ndiyo maana muda mfupi baada ya saa mbili linatua fungu kubwa kwa mpigo: hao ni waliorudisha bahasha mapema. Usiku kucha zinaingia za waliopiga kituoni. Kinachobaki kwa wingi ni bahasha zilizotumbukizwa siku ya mwisho. Hizo zinafika ofisini usiku wa manane na hakuna aliyezigusa bado.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote: "100% ya vituo vimeripoti." Tovuti ya Katibu wa Jimbo, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa California, yenyewe huandika kwamba vituo vimeripoti kwa sehemu. Neno "kwa sehemu" ndilo wapiga picha za skrini wanalolikata. Kituo kikishaingiza kura zake za mwanzo tu, kinahesabiwa kuwa kimeripoti, hata kama nusu ya wakazi wake bahasha zao ziko kwenye kreti hazijafunguliwa. Asilimia hiyo inapima vituo, haipimi kura. Inaweza kufika 100 usiku ule ule na bado kukabaki wiki tatu za kazi. Zile asilimia nyingine za televisheni, "makadirio ya kura zilizohesabiwa", ni afadhali kidogo, lakini nazo ni makadirio kweli: ili upate asilimia lazima ujue jumla, na jumla haijulikani mpaka bahasha ya mwisho iingie. Ukiona imeruka kutoka 92 ikarudi 88, hakuna aliyeiba. Mtu amerekebisha kigawanyo.

Fuatilia bahasha moja uone muda unakokwenda. Mashine inasoma msimbo wake na kuipiga picha saini. Karani anaiweka picha hiyo kando ya saini iliyoko kwenye kumbukumbu, ambayo mara nyingi ni ile mtu aliyoichora kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo alipokuwa akichukua leseni ya udereva, kwa hiyo usitarajie uzuri. Sheria inamtaka aanze kwa kudhani kuwa saini ni ya mpiga kura mwenyewe. Ili ikataliwe, maofisa wawili tofauti lazima wakubaliane, pasipo shaka ya maana, kwamba zinatofautiana waziwazi na katika mambo kadhaa. Hapo mpiga kura anaandikiwa barua na kupewa nafasi ya kuthibitisha. Ikikubaliwa, bahasha inachanwa, karatasi inatolewa kwa namna ambayo jina na kura vinaachana, kisha inanyooshwa, kwa kuwa mikunjo huisonga skana. Iliyochanika au kumwagikiwa chai inanakiliwa kwenye karatasi safi na watu wawili, mmoja akimkagua mwenzake, na ile ya asili inatunzwa. Za mwisho kabisa ni za waliojiandikisha siku ile ile na kura za muda, yaani za waliopiga kituoni huku haki yao ya kupiga ikiwa bado haijathibitishwa. Hazifunguliwi mpaka ithibitike kwamba mhusika hakupiga pengine.

Na hapa niseme jambo ambalo miongozo hulipitia juu juu: ukaguzi wa saini ni jicho la binadamu. Kaunti hazilingani kwa ukali, na vijana na wanaopiga kura kwa mara ya kwanza hukataliwa zaidi kuliko wazee. Ukitaka kuulaumu mfumo huu, laumu hapo. Mimi mwenyewe sina jibu linaloniridhisha juu ya kipimo cha "waziwazi" ambacho karani wa kaunti moja na wa kaunti jirani watakisoma sawasawa.

Haya, majina. Mwaka 2018, eneo bunge la 21, David Valadao wa Republican aliongoza na hata shirika la habari la AP likamtangaza mshindi. Wiki kadhaa baadaye likafuta tangazo lake; TJ Cox wa Democratic alishinda kwa kura 862. Mwaka 2024, eneo la 45, Michelle Steel wa Republican aliongoza usiku, Derek Tran wa Democratic akamshinda kwa 653. Mwaka huo huo eneo la 13, John Duarte wa Republican alikuwa mbele siku nyingi, na Adam Gray wa Democratic akamaliza na ziada ya kura 187. Wenye ujumbe wa emoji huishia hapo. Hawasemi kwamba mwaka 2022, eneo lile lile, watu wale wale wawili, hesabu ile ile ya taratibu, Duarte ndiye aliyeshinda, kwa kura 564. Wala hawamtaji Mike Garcia wa Republican aliyeshinda eneo la 25 mwaka 2020 kwa kura 333. Kama kuna mwizi ofisini, ni mwizi mwenye likizo za ajabu.

Ni kweli kwamba kura za mwisho huelemea Democratic mara nyingi. Maelezo ya kawaida ni kuwa vijana, wapangaji na wanaohamahama huchelewa kurudisha bahasha, na wengi wao wako upande huo. Yanaingia akilini, ila si sheria ya maumbile. Mwaka 2020 Warepublican wengi waliogomea posta walipiga kura siku za mwisho, na mwelekeo ukavurugika. Usiiwekee dau.

Unachoweza kufanya ni hesabu. Kila kaunti hupeleka kwa Katibu wa Jimbo makadirio ya kura ambazo hazijashughulikiwa, na ripoti hiyo huwekwa hadharani. Tuseme mgombea anaongoza kwa 3,000 na zimebaki 40,000. Ili amfikie tu, anayefuata anahitaji kuzizoa kwa tofauti ya 3,000, yaani 21,500 dhidi ya 18,500, ambayo ni 53.75%; ili ashinde, lazima apite hapo. Linganisha na alichopata kwenye mafungu mawili yaliyopita: kama ni 55%, kinyang'anyiro kiko wazi, kama ni 51%, kimekwisha. Tatizo ni kwamba ripoti inatolewa kwa kaunti, haitolewi kwa eneo bunge. Eneo la 45, kwa mipaka ya 2024, lilikuwa Orange pamoja na kipande kidogo cha Los Angeles. Kusema "Los Angeles zimebaki laki kadhaa" hakukuambii lolote juu ya kipande hicho. Eneo la 13 liligusa kaunti tano, kila moja na ratiba yake. Na mwaka huu mipaka imehama, kwa hiyo usichukue jedwali la 2024 ukalibandika juu ya namba za eneo hilo hilo. Jina limebaki, watu wamebadilika.

Mchujo wa Juni 2 nao unasomwa vibaya. California haichuji kwa vyama. Wagombea wote wako kwenye orodha moja na wawili wa juu wanakwenda Novemba, hata wakiwa chama kimoja. Kwa hiyo Juni nafasi ya kutazamwa ni ya pili. Mwaka 2024, eneo la 16, Evan Low na Joe Simitian walifungana kwa kura 30,249 kila mmoja nyuma ya Sam Liccardo, na watatu wote wakawa wameingia raundi ya Novemba. Zikahesabiwa upya, Low akamzidi mwenzake kwa kura 5, Simitian akatoka.

Kwa anayepiga kura huko: saini kama ulivyosaini kwenye leseni, na usisubiri siku ya mwisho. Kwa sheria ya jimbo, bahasha iliyogongwa muhuri wa posta kufikia siku ya uchaguzi inapokewa hadi siku ya 7. Lakini muhuri hauonyeshi lazima siku uliyoitumbukiza, kwa kuwa nyingi hugongwa baadaye kwenye kituo cha kuchambulia barua. Ukiwa umechelewa nenda kaunta, uombe igongwe mbele yako, au tumia sanduku rasmi la kura. Huduma ya Where's My Ballot? itakuarifu ikipokelewa na ikikubaliwa.

Sheria iliyotiwa saini 2025 inazitaka kaunti zimalize sehemu kubwa ya kuhesabu ndani ya siku 13. Zile za saini zenye mgogoro na kura za muda zinabaki nje ya muda huo, na ndizo zinazoamua mbio za kura 187. Kabla ya kuidhinisha matokeo, kila kaunti inachagua kwa bahati nasibu 1% ya vituo na kuzihesabu kura zake kwa mkono mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Kurudia hesabu kwa kiti cha bunge hakuji kwenyewe hata tofauti iwe kura moja: mpiga kura yeyote anaweza kuomba, ana siku 5, na gharama ni yake.