Maisha ya kila siku yanavyoujenga ubongo: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Ubongo si mtu anazaliwa nao? Maisha yanaubadilishaje?

Seli nyingi za neva, zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, mtoto huzaliwa nazo. Kinachojengwa baadaye ni miunganiko kati yake. Muunganiko unaotumika mara kwa mara huimarika na kupitisha ishara haraka. Usiotumika hufifia, kama njia ya shambani isiyopitwa ikaota majani. Ubongo wa mtoto mchanga una karibu robo ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka 5 umeshafikia asilimia 90 hivi. Kwa hiyo majibu mengi hapa yanahusu ujauzito na utoto.

Sisi ni watu wa pwani, chumvi tunavuna wenyewe. Madini joto (ayodini) si yamo humo?

Hayamo ya kutosha. Hili ndilo kosa tunaloliona zito kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Maji ya bahari yana madini joto kidogo sana, na chumvi ya mawe inayotoka shambani moja kwa moja, bila kuchanganywa madini hayo, haikidhi mahitaji. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Mwili hutumia madini joto kutengeneza homoni za tezi ya shingo, nazo ndizo zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Miezi ya mwanzo kijusi hakina uwezo wa kujitengenezea. Kinategemea homoni za mama tu. Upungufu mkubwa humzaa mtoto mwenye uelewa mdogo, na hauponyeki baadaye.

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, jua na unyevu, kwani madini hayo hupungua. Itie chakula kikikaribia kuiva. Usizidishe kwa kutaka madini zaidi: kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku ndiyo mwisho, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki mkavu.

Ugali wa muhogo unaharibu ubongo?

Muhogo mtamu hauna tatizo kubwa. Muhogo mchungu uliosindikwa haraka haraka ndio wenye shida, hasa makopa yaliyoanikwa mazima wakati wa njaa. Sumu ya sianidi hubaki ndani, na mtu asiyepata samaki wala kunde za kutosha hukosa protini ya kuiondoa mwilini. Matokeo yake ni konzo: miguu hukakamaa ghafla na kubaki hivyo, kwa sababu neva zinazobeba amri ya ubongo kwenda miguuni zimeharibika. Mtwara imewahi kuwa na wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utafiti wa Kongo ulionyesha kuwa hata watoto wasiolemaa, kwenye kaya zenye konzo, walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili.

Kusonga ugali muda mrefu hakusaidii, maana moto huua kimeng'enya kinachoifungua sumu kabla hakijafanya kazi. Fanya hivi: weka unga kwenye beseni, usawazishe, tia alama ulipofika. Ongeza maji baridi kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka, usizidi unene wa sentimita moja, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini penye hewa. Sumu hutoka kama gesi. Pika siku hiyo hiyo, na mboga iwe na dagaa, mbaazi au choroko.

Nyumbani tunaongea Kimakonde. Mtoto hatachelewa shule?

Hapana. Ongea naye lugha unayoimudu vizuri, iwe Kimakonde, Kimwera au Kiyao, Kiswahili atakipata. Akichanganya maneno, ni kawaida. Kinachojenga ubongo ni kupokezana: akitoa sauti, mjibu, muulize, kisha subiri kama sekunde 5 ajibu kwa namna yake, hata kwa kunyoosha kidole. Mama anayebangua korosho anaweza kufanya hivyo huku mikono ikiendelea na kazi. Simu haifanyi kazi hiyo, kwa kuwa haimsubiri. Chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Akifika mwaka mmoja bila kubwabwaja, au miezi 16 bila neno hata moja, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio kwanza.

Uraka kidogo kwa mjamzito?

Uraka ni pombe, ingawa umetoka kwenye mabibo. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto tumboni.

Mwanafunzi akikesha anasoma, si ndiyo bidii?

Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana hadi miaka 18, saa 8 hadi 10. Kukesha kwa msimu wa mitihani humwacha na madaftari yaliyosomwa na kichwa kisichokumbuka.

Babu amepooza mkono kwa kiharusi. Mazoezi yatasaidia au basi tena?

Yatasaidia mara nyingi, ingawa si kila kitu kitarudi. Sehemu za ubongo zilizobaki salama zinaweza kujifunza kazi ya zilizokufa, lakini kwa marudio mengi ya kazi halisi: kushika kikombe, kufungua kopo, kuchambua mbaazi. Afanye marudio kadhaa, apumzike, arudie tena, kila siku. Asivutwe bega wala kunyanyuliwa kwa kuvutwa mkono uliolegea, maana bega huteguka kirahisi na maumivu yatamfanya aache mazoezi. Msimalizie kila jambo kwa mkono mzima kwa huruma. Apimwe shinikizo la damu mara kwa mara, na dawa asiziache siku anapojisikia nafuu.