Unga wa wanafunzi na njaa ya Turkana

Ukame unapobana kaskazini mwa Kenya, wanafunzi wa vyuo hukusanya unga, hukodi lori na kwenda Turkana wakiamini kwamba penye njaa hapana chakula. Mara nyingi sivyo. Maduka ya Lodwar, mji mkuu wa Turkana, huwa na unga. Mfugaji ndiye hana cha kununulia. Mbuzi wake wamekufa, au waliobaki wamekonda na bei yao imeanguka huku ya mahindi ikipanda. Mwanauchumi Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 1981 alipochambua njaa ya Bengal, India, ya 1943. Ndiyo maana tangu 2009 mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa, HSNP, umekuwa ukizipa fedha kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera.

Lori lina siku yake, soko likiwa tupu kweli. Vinginevyo, gharama ya mafuta tu (Nairobi si karibu!) ingenunua magunia hukohuko. Mwanafunzi aliyefundishwa kupima mkono wa mtoto kwa utepe anafaa zaidi: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wake haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, naye anahitaji matibabu ya zahanati, si ugali.