Bei ya rivolva haikuambii kama chemba imekaa sawa na mtutu

Kauli ni ile ile kila mara: rivolva ya bei nafuu ni bati, itakulipukia mkononi, bora utafute ya zamani ya Mwingereza au Mmarekani hata kama imechakaa. Safari hii aliyenifikisha mwisho ni mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, mwenye kibali chake na hela yake halali. Aliacha rivolva mpya ya Brazili, akatoa karibu mara mbili ya bei yake kwa kitu ambacho mimi nisingekubali kifyatuliwe hata risasi moja. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Suala la leseni silirefushi. Sheria ya silaha na risasi ni ya mwaka 2015, na anayeshika silaha bila kibali cha polisi hana cha kujadili na mimi. Na kabla ya ukaguzi wowote, fungua silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, tazama chemba zote, yaani matundu yake ya risasi, weka kidole katika kila moja.

Tuanze na hilo "bati". Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Zipo rivolva ndogo za .22, risasi nyembamba, ambazo fremu yake, yaani mwili wake, ni mchanganyiko wa zinki, metali laini inayoyeyuka chini ya nyuzi 400. Kwa .22, ukiwa na mtutu wa chuma cha pua au chuma cha kawaida ndani yake, fremu hiyo inafanya kazi. Kwa .38, risasi kubwa zaidi, nisingeitaka. Ila watu wamegeuza hilo kuwa kipimo cha sumaku: ikinasa ni nzuri, isiponasa ni takataka. Fremu ya alumini hainasi sumaku, na zipo za alumini nzuri kabisa, za bei ghali.

Rivolva za Brazili na Ufilipino zinazouzwa bei ya chini, zile za .38, kwa kawaida ni za chuma. Rossi ilianza 1889, Taurus 1939. Mwaka 1970 kampuni ya Bangor Punta, iliyokuwa ikimiliki Smith & Wesson, ilinunua sehemu kubwa ya Taurus, na hadi 1977 ujuzi ulivuka pande zote mbili. Anayesema hawa walijifunzia uchochoroni hajui anachokisema. Kilichopunguzwa ili bei ishuke ni muda wa fundi: kung'arisha, kulainisha vyuma vya ndani, kukagua moja moja. Kwa hiyo mbili za toleo lile lile zinaweza kutofautiana sana, na ndiyo maana nakagua rivolva iliyo mezani, siyo jina lililochorwa ubavuni.

Jambo la kwanza kabisa ni ulinganifu. Koki nyundo, yaani ivute nyuma, polepole mno, huku kidole gumba cha mkono mwingine kikigusa silinda kuizuia kidogo. Komeo la chini, linalosimamisha silinda, linapaswa kuingia kwenye kitundu chake kabla nyundo haijafika mwisho. Fanya hivyo kwa kila chemba, kwa sababu tano zinaweza kuwa sawa na ya sita ikachelewa. Ikichelewa, risasi inaanza safari chemba ikiwa haijatazamana sawasawa na mtutu, inakwanguliwa ukingoni, na vipande vya risasi vinatoka pembeni. Hapa wenzangu nami tunabishana. Uzito wa kidole gumba hauna namba, na silinda ambayo mimi naikataa fundi mwingine ataipitisha kwa sababu kidole chake ni chepesi. Nimekubali kuishi na hilo.

Kisha chukua fila geji, ile ile ya mafundi pikipiki, upime mwanya kati ya silinda na mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.25 ni sawa. Ikipita 0.30 naanza kukunja uso. Lakini kuna wanaosifia mwanya mdogo kama ndiyo alama ya ubora, na hilo linanikera zaidi ya yote. Mwanya wa 0.05 unapendeza kwenye meza safi. Kaa nayo kiunoni Agosti, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi lake, piga risasi kadhaa masizi yaongezeke, halafu uone silinda inavyoburuza. Kwa nchi hii yetu ya vumbi napendelea 0.15 kuliko 0.05, hata kama iliyobana imetoka kiwanda chenye jina.

Sasa ile ya mfanyabiashara. Ilikuwa Smith & Wesson ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, moja kati ya zaidi ya 500,000 zilizotengenezewa Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake. Silaha njema sana ilipotoka kiwandani. Ila zile zilitengenezwa kwa risasi ya .38 ya Mwingereza, yenye ganda fupi la milimita 19.7 na nene kidogo, siyo .38 Special yenye ganda la milimita 29.3. Baada ya vita, nyingi zilitobolewa chemba ziendelee mbele ili .38 Special iingie. Inaingia kweli. Lakini nyuma chemba imebaki pana, ganda linavimba tumbo, mara nyingine linapasuka. Muuzaji atakuonyesha risasi ikizama vizuri na utaamini. Omba uone ganda lililokwisha kupigwa.

Rivolva mpya nazo zina adui wao, na huyo mara nyingi si kiwanda. Triga ya bei nafuu ni nzito. Kuvuta bila kukoki kunaweza kuhitaji kilo tano. Mwenye nayo analalamika, anapata mtu wa kumkatia springi ya nyundo, triga inalainika, anafurahi. Baada ya hapo nyundo inagonga kwa unyonge, kiwashio, kile kidude cha kitako cha risasi kinachowasha baruti, hakiwaki, na lawama inarudi kwa Mbrazili. Nikifungua ubavu na kukuta springi imekatwa kwa jiwe la kunolea, bei ya springi mpya naitoa kwenye bei ya silaha palepale. Tazama pia vichwa vya skurubu: vikiwa vimechunika, mtu asiye na bisibisi sahihi amepita humo ndani.

Kuna kitu ambacho macho yangu hayakioni. Vidude vidogo vya ndani, kidole kinachosukuma silinda na komeo lake, vinaweza kuonekana vizima leo na vikalika haraka. Ugumu wa chuma hauonekani kwa tochi.

Ndiyo maana simalizi bila kuipiga kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika. Weka alama ya kalamu kwenye chemba moja, piga zote, kisha panga maganda kwa mfuatano wake. Alama ya pini inayogonga ikae katikati ya kila kiwashio. Ikisogea pembeni kwenye ganda la chemba ile ile kila mzunguko, una chemba mbovu, na kabla hujalipa mwambie muuzaji ni ya ngapi.