Haibridi au umeme mtupu: yanayosemwa yadi na yaliyomo chini ya kiti

Ukiingia yadi ya magari Dar es Salaam siku hizi utakuta Toyota Aqua na Prius zimepangwa, na mara mojamoja Nissan Leaf iliyotoka Japani. Utakuta pia wanunuzi wamegawanyika kambi mbili. Hawa wanasema haibridi, yaani gari la injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, ndiyo akili, umeme mtupu tuwaachie Wazungu. Wale wanasema haibridi ni gari la petroli tu, lina jina zuri. Kila kambi ina maneno yake yaliyorudiwarudiwa mpaka yakaonekana kweli, na anayeumia ni mtu aliyechanga akiba ya miaka akanunua kwa kusikia.

"Haibridi inajichaji yenyewe, umeme wake ni wa bure"

Aqua na Prius za kawaida hazina hata mahali pa kuchomeka waya. Umeme wote unaoingia kwenye betri yake umetoka kwenye petroli uliyonunua: ama injini imezungusha jenereta, ama gari limekusanya nguvu ya mwendo wakati unafunga breki, na mwendo wenyewe ulikwishaulipia kituoni. Mwaka 2020 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilizuia tangazo la magari ya haibridi "yanayojichaji" kwa sababu hiyohiyo, kwamba linapotosha.

Ipo haibridi ya kuchomeka, yenye betri kubwa zaidi, na hiyo inaweza kwenda kilomita kadhaa bila injini. Lakini inategemea mwenye gari. Tume ya Ulaya ilipokusanya takwimu kutoka kwenye magari yenyewe barabarani, mwaka 2024 ilieleza kwamba magari hayo yalitoa hewa ya ukaa kwa wastani mara 3.5 zaidi ya ilivyopimwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba hayachajiwi mara nyingi kama ilivyodhaniwa.

"Betri ikifa, gari limekufa"

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2011, iko chini ya kiti cha nyuma. Ni ya nikeli, ina moduli 20, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa pamoja, jumla volti 144. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kitundu kilicho pembeni ya kiti hichohicho. Fungua mlango wa nyuma uangalie. Mara nyingi kitundu kimezibwa na begi au kitenge, na ukikichungulia kwa tochi unaona blanketi la vumbi na nywele limeganda kwenye chujio. Betri inapata moto, moduli moja inachoka kabla ya wenzake, taa ya tahadhari inawaka, na mwenye gari anaambiwa haibridi ni mbovu. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Sijui kwa nini wauzaji hawamwambii mnunuzi jambo hili siku ya kwanza.

Gereji nyingi sasa zinabadilisha moduli moja iliyokufa na kuweka nyingine. Inasaidia, ila zilizobaki zina umri uleule wa ile iliyokufa, na taa inaweza kurudi baada ya muda mfupi. Kama fundi hakupima moduli zote na kuzilinganisha, umenunua muda tu.

Kwa Leaf hadithi ni nyingine kabisa. Ile ya kwanza, ya mwishoni mwa 2010, ina betri ya lithiamu ya kilowati-saa 24, na haina maji ya kupooza wala feni. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kali huko Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua upesi, na Nissan ikaja kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Joto la Dar si kama la Arizona, lakini halipumziki, Januari mpaka Desemba.

Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kulia, kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Usivichanganye na vile vya chaji. Kipande cha kwanza hupotea betri ikishapungua kama asilimia 15. Vikibaki 8, uwezo ni kama theluthi mbili ya mpya. Sasa piga hesabu: kwenye karatasi za Kijapani Leaf ya mwishoni mwa 2012 imeandikwa km 228, ila vipimo vya serikali ya Marekani kwa gari hilohilo ni kama km 120. Chukua theluthi mbili, unabaki na km 80. Kwa mtu wa Mbezi anayefanya kazi Posta, zinatosha kwenda na kurudi. Kwa Morogoro hazitoshi hata kufika Chalinze. Aliyeuziwa kwa namba ya Japani ameibiwa, na hakuna haja ya kulipamba jambo hilo.

Magari mapya ya umeme mengi yana betri inayopozwa kwa maji. Kuyahukumu yote kwa Leaf ya 2011 ni kuyaonea.

"Umeme wenyewe ghali, LUKU itakumaliza"

Leaf kwenye foleni na kiyoyozi inakula kama uniti 18 kwa km 100, ukihesabu na unaopotea wakati wa kuchaji. Uniti ya nyumbani kwa bei ya kawaida ya Tanesco haijafika Sh 360, kwa hiyo ni Sh 6,500 hivi. Lita ya petroli Dar ilicheza kati ya Sh 2,700 na 3,300 miaka ya 2023 hadi 2025, tuchukue 2,900. Aqua ikienda km 20 kwa lita inakula Sh 14,500 kwa umbali huo. Gari la kawaida la sisi 1,300 au 1,500 linalokwenda km 12 au 13 kwa lita linakaribia Sh 23,000. Tofauti hiyo, kwa dereva wa teksi, ni ada ya shule ya mtoto.

Ila hesabu ya Aqua ni ya mjini. Haibridi inajikusanyia nguvu pale unaposimama na kuondoka, Ubungo saa kumi na mbili jioni. Ukiipeleka safari ndefu kwa mwendo mmoja, breki huigusi, na faida inapungua sana. Mtu wa Dodoma kila wiki asitegemee miujiza.

"Umeme wetu ni mchafu na unakatika"

Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, MW 2,115, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kenya karibu asilimia 90 ya umeme wake ni jotoardhi, maji, upepo na jua. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati kama joto, kwa hiyo hata umeme wa gesi unashinda. Kukatika kunasumbua kweli, lakini gari lililojaa usiku lina akiba ya siku nzima au zaidi, na pampu ya kituo cha mafuta nayo inategemea umeme.

Kuhusu kobalti, madini ya betri yanayochimbwa Kolwezi huko Kongo, uchungu wa wachimbaji ni wa kweli na haupaswi kufichwa. Si kila betri inayo, hata hivyo: betri za lithiamu na chuma, ambazo kampuni ya China ya BYD inazitumia, hazina kobalti hata chembe.

"Mvua ikinyesha utapigwa shoti"

Nyaya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, hazijaunganishwa na bodi, na gari linakata umeme lenyewe likigundua hitilafu. Hatari halisi iko gereji. Inveta ya Aqua, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, inapandisha volti mpaka 520. Fundi asiyechomoa plagi ya usalama, asiyevaa glavu za mpira na asiyesubiri dakika kumi kabla ya kufungua anacheza na roho yake.

"Haibridi zote ni sawa"

Hapana. Nissan Note e-Power, ya 2016, injini yake haizungushi tairi kabisa. Inazalisha umeme tu. Honda Fit ya haibridi ya 2013 ina gia boksi yenye klachi mbili, na Honda iliirudisha kwa marekebisho mara kadhaa huko Japani. Sifa ya Aqua usiihamishie Fit.

Ukiagiza Leaf, omba picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, vipande 12 vionekane. Uliza pia plagi: ya chaji ya haraka ya Kijapani ni CHAdeMO, na vituo vingi vipya vinafungwa plagi za Ulaya au za China. Kama nyumbani hakuna pa kulaza gari karibu na soketi, nunua haibridi bila kuona haya, na feni isafishwe kabla hujalipia.